Lisome Bati Kabla Hujalipigilia Tena

Upepo mkali ukishapita mtaani, kazi ya kwanza ya watu wengi ni kutafuta mabati yao. Yanaokotwa shambani kwa jirani, kwenye matawi ya mwembe, kando ya reli. Yananyooshwa kwa nyundo juu ya gogo, na kabla ya magharibi fundi yuko juu ya nyumba anapigilia. Haraka hiyo inaeleweka, maana mvua ya kesho haimsubiri mtu na watoto hawawezi kulala nje. Lakini ndani ya haraka hiyo tunapoteza ushahidi muhimu, yaani alama za mahali paa liliposhindwa. Asiyeusoma ushahidi huo hujenga upya udhaifu ule ule, na msimu ujao ataokota mabati tena.

Katavi ni miongoni mwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwanzo wa msimu huwa na hatari yake. Ardhi imekauka na kupata joto kwa miezi, kisha hewa yenye unyevu inaingia kutoka magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika na misitu ya Kongo. Hewa hiyo inapanda kwa kasi na kujenga mawingu marefu ya radi. Matone yanapoanza kudondoka hupita kwenye hewa kavu, mengine yakageuka mvuke kabla ya kufika chini, na hewa ikapoa ghafla. Hewa iliyopoa ni nzito. Inaporomoka hadi ardhini, kisha inatawanyika pande zote. Ndiyo sababu upepo wa baridi wenye vumbi hutangulia mvua, na ndiyo sababu mjini Mpanda mtaa mmoja wa kata ya Nsemulwa unaweza kuezuliwa huku kata ya Kashaulili hawajapoteza hata bati moja.

Upepo wa aina hii ni tofauti na vimbunga vya pwani. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifuatiliwa kikiwa bado baharini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) iliwaonya watu wa Mafia, Kilwa na Lindi kabla hakijawafikia. Wingu la Katavi huzaliwa mchana na kumalizika jioni. TMA inaweza kutoa angalizo au tahadhari kwa mkoa mzima, lakini haiwezi kutaja mtaa utakaopigwa. Wala tusidhani kwamba kuwa mbali na bahari ni usalama. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliikumba Mwakata, wilayani Kahama, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha.

Saa za kwanza baada ya dhoruba ni za kuokoa watu. Waliofunikwa na ukuta ndio wa kwanza, na Zimamoto wanapatikana kwa namba 114. Waya wa umeme uliolala chini uhesabiwe kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa sababu laini inaweza kurudishwa wakati wowote, au jirani akawasha jenereta lake. Kaa mbali, angalau mita 10, maana ardhi yenye maji hubeba umeme hadi miguuni. Mti ulioanguka nao una hila zake. Tawi lililobanwa na shina limekunjwa kwa nguvu, na ukilikata upande usiofaa hufyatuka na kuvunja mguu wa mkataji. Kazi hiyo aachiwe mwenye uzoefu wa msumeno wa mashine. Jengo la zamani lililoezekwa kwa karatasi nene za kijivu za asbesto lisifagiliwe likiwa kavu. Vipande viloweshwe maji, visivunjwevunjwe, vifungwe kwenye mifuko, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Watu wakishakuwa salama, piga picha kabla ya kuondoa kitu, kisha soma. Paa hushikamana kama mnyororo: bati limeshikwa na msumari, msumari na papi (mbao inayopigiliwa bati), papi na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi na ukuta. Upepo hukata pale palipo dhaifu kuliko pengine, na kila mkato una alama yake.

Ukikuta misumari imebaki kwenye papi na bati limechanika kuizunguka, misumari ilikuwa michache au bati lilikuwa jembamba mno. Ukikuta bati limeondoka na misumari yake, imenyooka na haikupinda, mbao haikuishika: msumari ulikuwa mfupi, au papi imeliwa na mchwa. Ukikuta mabati yamelala shambani yakiwa bado yamepigiliwa kwenye papi, kosa liko kati ya papi na kenchi. Na ukikuta paa zima, kenchi na yote, limetua nyuma ya nyumba, basi halikufungwa ukutani. Lilikuwa limekalishwa tu juu ya tofali.

Nguvu inayofanya hayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una mgandamizo wa karibu kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, hasa pembeni na kwenye kofia ya paa. Bati la kawaida lina uzito wa kilo mbili au tatu tu kwa eneo hilo hilo. Bati moja la mita tatu linaweza kuvutwa kwa zaidi ya kilo 100. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hiyo mawe tunayoyapanga juu ya mabati hayatoshi kulizuia paa, na yakirushwa yanaua. Mlango ukifunguka wakati wa upepo, hewa inayoingia husukuma paa kutoka ndani huku ya nje ikilivuta. Funga milango na madirisha mapema.

Matengenezo yaanzie pale mnyororo ulipokatika. Usipigilie msumari mpya katika tundu la zamani, kwani mbao yake imekwisha kulegea. Sogea pembeni kidogo, na tundu la zamani kwenye bati lizibwe. Pembeni mwa paa na kwenye kofia, piga msumari kila wimbi la bati. Katikati, kila wimbi la pili. Kila papi ifungwe kwa waya kwenye kenchi, isitegemee msumari pekee. Kenchi ifungwe kwa waya mnene uliolazwa ndani ya lenta, yaani mkanda wa zege juu ya ukuta. Kama nyumba haina lenta, kama zilivyo nyingi za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, waya upitishwe chini ya kozi tano za tofali au zaidi, ili uzito wa ukuta ulishike paa. Na paa la baraza lijengwe peke yake, ili likiondoka lisiondoke na la nyumba.

Hapa ndipo Manispaa ya Mpanda na halmashauri jirani za Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika zinaweza kubadili mambo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Mtendaji wa mtaa anapopita kuorodhesha nyumba zilizoezuliwa, aandamane na fundi, na fomu iwe na swali moja la ziada: mnyororo ulikatika wapi? Majibu ya mtaa mmoja yanatosha kuonyesha kama tatizo ni misumari, mbao au kuta. Msaada nao ufuate majibu hayo. Familia ikipewa mabati bila misumari ya kutosha na waya wa kufungia kenchi, imepewa nusu ya msaada, na nusu iliyokosekana ndiyo ya bei ndogo.