Nachingwea: Historia kubwa ambayo wenyeji huipita kila siku

MKAZI wa Dar es Salaam aweza kuishi miaka ishirini jijini humo bila kukanyaga Makumbusho ya Taifa. Mwenzake wa Bagamoyo hupita kando ya magofu ya Kaole akienda shamba, na wa Moshi huutazama Mlima Kilimanjaro kila asubuhi pasipo kufika hata langoni. Mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege ndiye hutangulia kuyaona hayo yote. Mwenyeji husema ataenda kesho, na kesho haifiki.

Ada hiyo imeota mizizi pia katika miji midogo ambayo haitajwi katika vitabu vya watalii. Nachingwea, katika Mkoa wa Lindi, ni mfano mzuri. Wanafunzi, wafanyabiashara wa korosho na ufuta, na watumishi wa halmashauri huvuka kila siku ardhi iliyobeba matukio mawili makubwa ya karne iliyopita: mradi wa karanga wa Serikali ya Uingereza, na maandalizi ya jeshi lililoikomboa Msumbiji. Makala haya yanaeleza matukio hayo, na jinsi kundi la marafiki linavyoweza kutumia siku moja ya mapumziko kuyafuatilia bila kutoka nje ya wilaya yao.

Mji uliozaliwa na karanga

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikabiliwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ukaja kukagua ardhi na kurejea na mpango mkubwa: ekari zaidi ya milioni tatu, zigawanywe katika mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja.

Kati ya mashamba hayo, 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini, Nachingwea ikiwa kitovu chake. Kongwa ilipangiwa 15 na Urambo 10. Yaliyosalia yalikuwa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kwa maneno mengine, ingawa Kongwa ndiyo inayotajwa sana katika vitabu vya shule, Nachingwea ndiyo iliyotarajiwa kuubeba mradi.

Kikwazo kilikuwa usafiri. Kusini hapakuwa na bandari ya kina kirefu wala reli. Hivyo ikaanza kujengwa bandari mpya ya Mtwara, na reli ikapasuliwa msituni hadi Nachingwea. Uwanja wa ndege nao ukafyekwa. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick, yakapelekwa kupambana na visiki.

Matokeo yake yanajulikana. Kilimo kilianza bila majaribio ya kutosha, mitambo chakavu iliharibika pasipo vipuri, na huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji wakati wa kuvuna. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo, ikiwa imepoteza pauni zipatazo milioni 36. Mwaka 1955 mashamba yaliyobaki yalikabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Reli nayo haikudumu. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Kilichosalia ni mji wenyewe. Bandari ya Mtwara nayo ipo, na hadi leo hupokea korosho za kusini. Mradi ulikufa, lakini ramani yake haikufutika.

Kutoka shamba hadi kambi

Sura ya pili ilianza muda mfupi baada ya uhuru wa Tanganyika. Juni 25, 1962 vyama vya wazalendo wa Msumbiji viliungana jijini Dar es Salaam na kuunda FRELIMO chini ya Dk. Eduardo Mondlane. Mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka Kamati yake ya Ukombozi jijini humo. Septemba 25, 1964 risasi za kwanza za vita vya ukombozi zilirindima Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Vita hivyo vilihitaji mahali pa kufundishia wapiganaji, karibu na mpaka lakini si mpakani. Nachingwea ilikuwa na ardhi iliyokwisha kusafishwa, majengo, barabara na uwanja wa ndege. Katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO ilipewa eneo linalojulikana hadi sasa kwa jina la Farm 17, jina linalokumbusha hesabu ya mashamba ya karanga. Samora Machel, aliyekuwa akisimamia mafunzo kule Kongwa, alihamishia kazi hiyo hapo. Wakufunzi kutoka China walishiriki.

Wapiganaji hawakufundishwa bunduki pekee. Walilima chakula chao, walijifunza kusoma na kuandika, na walijadili siasa. Mmakonde, Mmakua na Mshangana walilala bweni moja na kula sufuria moja, jambo ambalo viongozi wao walilihesabu kuwa sehemu ya vita yenyewe. Mwaka 1967 wanawake walianza kupewa mafunzo ya kijeshi hapo, na kikosi chao kikavuka Ruvuma. Miongoni mwao alikuwamo Josina Muthemba, aliyeolewa baadaye na Samora, na aliyefariki dunia Dar es Salaam Aprili 7, 1971 akiwa na umri wa miaka 25. Siku hiyo ni Siku ya Wanawake nchini Msumbiji.

Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi Februari 3, 1969, na mwaka uliofuata Samora akawa rais wa chama. Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975. Kwa hiyo rais wa kwanza wa nchi jirani, na wengi wa makamanda wake, walipitia katika vumbi la Nachingwea kabla ya kuingia Maputo.

Jinsi ya kuzuru mji wako

Tuseme vijana watano wa Nachingwea mjini, au wa Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea, wameamua kutumia Jumamosi yao kwa ziara hii. Waanzie wapi?

Kwanza, waanze na wazee. Mtu aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofika Nachingwea leo amepita miaka 90, na wa aina hiyo wamebaki wachache mno. Waliokuwa watoto wakati wa kambi ya FRELIMO bado wapo. Shikamoo, mkeka na saa mbili za kusikiliza bila haraka huzaa mengi kuliko kamera. Inafaa kuuliza maswali mepesi: mlikuwa mnawauzia nini wapiganaji? Mlizungumza nao lugha gani? Treni ilipita saa ngapi?

Pili, waifuate reli isiyokuwapo. Reli hujengwa juu ya tuta na hukatwa kwenye vilima ili isipande ghafla, hivyo ukiona njia iliyonyooka kupita kiasi, au kilima kilichochongwa pande mbili, simama na uulize. Mara nyingi alama za namna hiyo hubaki muda mrefu baada ya vyuma kuondolewa.

Tatu, Farm 17. Sehemu ya eneo hilo leo ni shule ya sekondari, kwa hiyo ziara ianze katika ofisi ya mkuu wa shule. Busara inataka pia kupata kibali cha halmashauri kabla ya kwenda kama kundi. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha, na kipande cha chuma cha zamani kilichofukiwa ardhini hakiokotwi, maana hakuna ajuaye kimebeba nini.

Kwa nini twende na marafiki? Kwa sababu mtu mmoja huona jengo bovu, lakini watano hubishana juu yake. Mmoja atakumbuka hadithi ya bibi yake, mwingine atauliza swali lisilo na jibu, wa tatu ataandika. Ubishi huo ndio unaoihifadhi historia.

Funzo la Mbwemkuru

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya kale, na tumbo halishibi historia. Kwao, bonde la Mto Mbwemkuru lina jibu. Kusini mwa mto huo, katika kilima cha Tendaguru, wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, wakisaidiwa na mamia ya vibarua waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mwaka 1937 mnyama mmoja mrefu mno alisimamishwa Berlin, na hadi leo watu husafiri kutoka pande zote za dunia kumtazama. Aliyeiona thamani ya mfupa ule hakuwa mwenyeji, na mfupa ukaenda kwa aliyeithamini.

Isitoshe, historia ya karanga si ya kale kama inavyodhaniwa. Ruangwa na Nachingwea zinatajwa tena katika mipango mikubwa, safari hii ya madini ya kinywe na nikeli. Mwananchi anayejua kwamba mradi wa mamilioni ya pauni uliwahi kufika hapa kwa kishindo, ukaondoka na kuacha tuta la reli, atakuwa na maswali ya maana ya kumuuliza mwekezaji: majaribio yamefanyika? Barabara itabaki ya nani? Mkiondoka, mtatuachia nini?

Maswali hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu aliyepata kusimama juu ya tuta hilo pamoja na wenzake, akaelewa amesimama juu ya nini. Mwaka 2011 Umoja wa Afrika uliikabidhi Tanzania dhamana ya kuongoza programu ya urithi wa ukombozi wa bara hili. Dhamana hiyo ni ya Serikali, lakini wenyeji wasipozuru, wasipouliza na wasipowasimulia watoto wao, hakuna jengo litakaloweza kuitunza kumbukumbu hiyo kwa niaba yao.