Vikao Kazi vya Maofisa Mawasiliano wa Serikali na Matumizi ya Kiswahili

Nia yetu katika makala haya ni kueleza mikutano ya mafunzo ya watu wanaosema na wananchi kwa niaba ya serikali, yaani maofisa habari, maofisa uhusiano, na hao waitwao siku hizi maofisa mawasiliano. Aghalabu mikutano hiyo huhesabiwa kuwa jambo la utawala tu, lisilowahusu wachunguzi wa lugha. Sisi twaona kwamba sivyo. Neno atakalolisikia redioni mkulima wa Singida au mvuvi wa Mafia hupita kwanza mikononi mwa maofisa hao, na likiwa bovu au la kutatanisha, hasara humwangukia msikilizaji wala si mwandishi. Kwa hiyo yafaa tujue mikutano hiyo hufanywaje, na mahali gani ndani yake lugha yaweza kutengenezwa au kuharibika.

Kazi ya zamani, majina mapya

Kazi yenyewe si ngeni. Katika miji ya pwani tangazo la mtawala lilipelekwa na mpiga mbiu, aliyegonga pembe ya nyati ili watu wakusanyike. Methali yasema, “Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.” Mpiga mbiu alikuwa na faida moja ambayo ofisa wa leo hana: alisimama mbele ya watu wake, na kama hawakumwelewa walimwuliza papo hapo. Baadaye yalikuja magazeti. Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilipeleka habari za serikali pamoja na barua na mashairi ya wasomaji wenyewe, hata likawa uwanja wa lugha na si wa matangazo peke yake.

Majina ya watu wa kazi hii yatuonyesha jinsi fikira zilivyobadilika. Ofisa habari ni mtu wa kutoa habari, nazo hutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ofisa uhusiano ametokana na kitenzi husiana, na ofisa mawasiliano na wasiliana. Vitenzi hivi viwili vina kiambishi cha kutendana, na kwa sarufi ya lugha yetu mtu hawezi kuwasiliana peke yake. Basi jina lenyewe ladai kwamba mwananchi naye ajibu. Ni haki kuuliza kama kazi imelifuata jina, au kama tangazo limebaki lile lile na kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

Majina ya mikutano nayo yataka maelezo. Kongamano limetoka katika kongamana, yaani kukusanyika. Warsha limetoka Kiarabu, ambako ni karakana. Semina ni la kigeni na limekwisha kuzoeleka. Jina linalotumika zaidi Tanzania kwa mikutano tunayoieleza ni kikao kazi. Hapa majina mawili yamewekwa pamoja bila kiunganishi, kama ilivyo katika askari kanzu, ingawa Kiswahili cha kawaida kingetaka kikao cha kazi. Wako wanaolichukia umbo hili. Hata hivyo limepata maana yake mahsusi: kikao cha kazi chaweza kuwa kikao chochote cha ofisini, bali kikao kazi ni cha siku kadhaa, chenye mada, mafunzo na maazimio.

Lakini liko jambo moja katika mikutano hiyo ambalo halijapata jina safi, nalo ni lile la watu wa kazi moja kufahamiana ili wasaidiane baadaye. Wengine husema kujenga mtandao, ila mtandao kwa watu wengi sasa ni intaneti. Wengine husema kujuana, na kujuana kumechafuka kwa sababu ya watu wanaopata kazi kwa kujuana. Huenda kufahamiana kukafaa zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kuelewana pia.

Yanayofanywa kikaoni

Katika Tanzania Bara maofisa wa wizara, mikoa, halmashauri na mashirika ya umma hukutana katika kikao kazi kinachosimamiwa na Idara ya Habari, ijulikanayo kwa jina la MAELEZO, pamoja na chama chao wenyewe. Kikao hicho kimepata kufanywa katika miji mbalimbali, mathalani Dodoma, Arusha na Dar es Salaam. Kwa desturi hufunguliwa na kiongozi wa juu, kisha hutolewa mada za sheria, uandishi, upigaji picha na matumizi ya mitandao ya kijamii, na mwishoni husomwa maazimio.

Uzito wa vikao hivi uliongezeka mwaka 2016. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka huo ilimfanya Mkurugenzi wa MAELEZO kuwa msemaji mkuu wa serikali. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ya mwaka huo huo, ilimpa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa katika muda usiozidi siku 30. Tangu hapo jibu la ofisi si hisani, ni wajibu. Na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi ofisa aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza na kutafsiri dakika ya mwisho amebanwa pande zote.

Katika mambo yote ya kikao, lenye faida kubwa kwa lugha ni mazungumzo ya baina ya mada. Ofisa wa maji wa mkoa mmoja humweleza mwenziwe jinsi alivyowaarifu watu kuhusu mgawo wa maji, na mwenziwe humwambia kwamba kwao neno lile halikueleweka. Hayo hayaandikwi katika maazimio, wala hayapelekwi kwa wataalamu wa lugha. Hapo ndipo hazina inapopotea.

Mfano wa hali ya hewa

Tutoe mfano ambao ndani yake maisha ya watu yamo hatarini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo kwa daraja tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Daraja hizo hutambulishwa pia kwa rangi. Kwa mtaalamu mpango huu ni wazi kabisa. Tumwangalie sasa msikilizaji. Angalizo limeundwa kama tangazo na agizo, nalo ni kitu cha kumfanya mtu aangalie. Tahadhari ni neno la Kiarabu lililokaa siku nyingi katika lugha yetu, nalo ni hali ya kujihadhari. Katika matumizi ya kila siku hakuna aliyepata kufundishwa kwamba moja liko juu ya jingine. Mtu aliyesikia jana angalizo na leo tahadhari aweza kudhani kuwa ameambiwa jambo lile lile kwa neno jingine, kama waandishi wafanyavyo kwa kuchoka kurudia neno moja. Rangi ingemsaidia, lakini redio haina rangi.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, swali la mvuvi lilikuwa moja: atie chombo majini au angoje? Mvuvi huyo ana maarifa yake ya kusi na kaskazi, naye hupima upepo kwa lugha hiyo. Onyo linalotaka kumfikia halina budi kukutana na maarifa hayo. Kutaja daraja hakutoshi. Yapasa kusema pia afanye nini.

Neno jingine ni wastani. Katika utabiri wa msimu twasikia kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Mtabiri ana maana ya hesabu: kiasi cha kawaida cha mahali hapo, kilichopatikana kwa kulinganisha miaka mingi. Mkulima husikia maana ya pili, ya kitu cha katikati, si kibaya wala si kizuri sana. Sasa Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000. Mvua ya wastani ya Dodoma ingekuwa ukame Bukoba. Mkulima akichagua mbegu ya mahindi kwa kuisikia wastani kuwa mvua ya kutosha, kosa si lake. Kama ingesemwa mvua ya kawaida ya hapa kwenu, shida ingepungua.

Mamlaka hiyo ina desturi njema ya kuwaita waandishi wa habari katika warsha kabla ya kutangaza utabiri wa vuli, wa msimu na wa masika. Huko mtabiri hueleza, na mwandishi huuliza. Huu ni mfano wa kufuatwa, kwa kuwa ni mkutano wa watu wanaotofautiana kazi na wanaoshirikiana neno. Kikao cha watu wa kazi moja tupu huweza kuyathibitisha makosa yao, maana wote wameyazoea.

Maneno ya mwaka 2020

Ugonjwa wa korona ulipoingia Afrika Mashariki mwaka 2020, mikutano haikuweza kungojewa, na lugha ilibidi ijitafutie njia. Barakoa, ambalo kamusi za zamani zalieleza kuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu na wa pwani, lilitwaliwa likapewa maana mpya, likaenea hata bara kusikokuwa na vazi hilo. Kitakasa mikono lilikubaliwa, ingawa kutakasa kulikuwa karibu zaidi na ibada kuliko na sabuni. Karantini lilikuwamo tayari. Ugonjwa wenyewe ukapewa kifupisho UVIKO-19, na Baraza la Kiswahili la Taifa likakisimamia, lakini watu wengi waliendelea kusema korona.

Funzo lake ni hili: neno lenye mizizi katika lugha hushika upesi kuliko lililoundwa kwa herufi za mwanzo. Maofisa waliojua barakoa lilikotoka hawakuhitaji kulieleza mara mbili.

Hali ya Kenya

Kenya ina shida ya namna nyingine. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na sheria ya mwaka 2016 imetaka ombi la taarifa lijibiwe katika siku 21. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 nayo imeweka sehemu nzima juu ya mawasiliano na umma, nazo kaunti ni 47. Hata hivyo taarifa nyingi za ofisi huandikwa kwa Kiingereza kwanza. Hata jina la eneo lenyewe halijatulia: wengine huandika kaunti, wengine gatuzi, kutoka katika ugatuzi. Mikutano ya maofisa wa kaunti ingeweza kulimaliza jambo kama hilo kwa asubuhi moja.

Shauri letu

Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, kwa ombi la Hazina ya Uingereza, alitoa kitabu cha kuwafundisha watumishi wa serikali kuandika kwa maneno mepesi. Kitabu kama hicho chatufaa, lakini hakitoshi. Kiingereza cha Gowers kilikuwa na istilahi zilizokwisha kukomaa, na kazi ilikuwa kupunguza. Kiswahili cha ofisi bado kinajenga, na ujenzi wataka watu kukaa pamoja.

Kwa hiyo twatoa shauri la mambo matatu. Kwanza, kila kikao kiwe na saa moja ambapo maofisa wataleta matangazo waliyokwisha kuyatoa, yasomwe kwa sauti mbele ya watu wasio wa kazi hiyo, kama vile mkulima, mvuvi au mama lishe, nao waulizwe wameelewa nini. Pili, awepo mtu wa Baraza la Kiswahili la Taifa au wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, asije kuhutubu, bali kusikiliza na kuandika. Tatu, maneno yaliyoleta mashaka yakusanywe katika orodha fupi, ipelekwe ofisi zote kabla ya kikao kijacho, na wachunguzi wa lugha waipate.

Gharama ya mambo hayo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya ukumbi. Kwa wachunguzi faida yake ni kupata lugha ya umma ikiwa ingali moto, kabla haijaganda katika kamusi. Kwa mvuvi aliye ufukoni na redio yake, faida ni kujua leo kama tahadhari ni zaidi ya angalizo.