Mkondo na volti: kuunganisha betri, taa na paneli za sola kwa usalama

Katika vijiji vingi ambako nyaya za umeme wa taifa hazijafika, zahanati, shule na nyumba za ibada hupata mwanga kutokana na paneli za sola na betri. Vifaa hivi ni ghali, na mara nyingi hununuliwa kwa michango ya jamii nzima. Lakini hata vifaa vizuri huharibika mapema vikiunganishwa vibaya, au vikiongezewa mizigo bila hesabu. Matokeo yake tunayajua: taa za zahanati zinazimika kabla ya alfajiri, na muuguzi anamzalisha mama kwa mwanga wa simu.

Katika makala hii tunaeleza kanuni mbili tu za umeme. Si lazima uwe fundi ili kuzielewa. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu au mtunza hazina akizijua, ataweza kumuuliza fundi maswali yanayofaa kabla fedha za jamii hazijapotea.

Volti ni nini, na mkondo ni nini?

Fikiria tangi la maji lililo juu ya mnara. Kadiri tangi lilivyo juu, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu zaidi bombani. Msukumo huo unafanana na volti. Wingi wa maji yanayopita bombani kwa kila sekunde unafanana na mkondo wa umeme, ambao hupimwa kwa ampea. Bomba likiwa jembamba, maji huzuiwa na kidogo tu ndiyo hupita. Kwa umeme, uzuiaji huo huitwa ukinzani.

Kwa hiyo volti ni msukumo, na mkondo ni kile kinachopita. Msukumo unaweza kuwepo bila kitu kupita, kama vile tangi lililojaa wakati koki imefungwa. Betri iliyokaa dukani ina volti lakini haitoi mkondo. Ili mkondo upite, lazima kuwe na njia kamili inayotoka upande wa chanya wa betri, inapita kwenye taa na kurudi upande wa hasi. Njia hiyo huitwa saketi. Ikikatika mahali popote, mkondo husimama. Kazi ya swichi ni hiyo: kuikata njia na kuiunga tena.

Kanuni ya kwanza: mfululizo

Vifaa vimeunganishwa kwa mfululizo vikifuatana katika njia moja, kama shanga kwenye uzi. Mkondo hauna njia nyingine, kwa hiyo mkondo uleule hupita katika kila kifaa. Volti ndiyo inayogawanyika. Taa mbili zinazofanana zikifuatana kwenye betri ya volti 12, kila moja hupata volti 6 tu. Tena, taa moja ikiungua, njia imekatika na zote huzimika. Wengi wameona jambo hili kwenye taa za mapambo za zamani: balbu moja ikifa, uzi mzima unakuwa giza.

Kwa upande wa betri, mfululizo hujumlisha volti. Tochi ya betri mbili za volti 1.5 hupata volti 3. Alessandro Volta wa Italia, ambaye jina la volti limetokana naye, alitumia njia hiyohiyo katika betri aliyoitangaza mwaka 1800. Alipanga visahani vya metali mbili tofauti kimoja juu ya kingine, vikiwa vimetenganishwa na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na kila jozi ikaongeza msukumo kidogo. Hata betri ya gari ya volti 12 ndani yake ina vyumba sita vilivyofuatana, kila kimoja kikiwa na volti 2 hivi.

Kanuni ya pili: sambamba

Vifaa vimeunganishwa kwa sambamba kila kimoja kinapokuwa na njia yake, kinatoka chanya na kurudi hasi bila kupitia kwa mwenzake. Hapa kila kifaa hupata volti ileile kamili. Mkondo ndio unaogawanyika: kila kifaa huvuta sehemu yake, na waya mkuu unaotoka kwenye betri hubeba jumla ya sehemu zote.

Taa za nyumbani huunganishwa kwa sambamba. Ndiyo maana taa ya jikoni ikiungua, ya sebuleni inaendelea kuwaka. Betri zinazofanana zikiunganishwa kwa sambamba, volti haibadiliki, lakini akiba ya umeme iliyopo kwa volti hiyo huongezeka.

Kwa kifupi:

• Mfululizo: mkondo ni mmoja, volti hugawanyika kwenye taa na hujumlishwa kwenye betri.
• Sambamba: volti ni moja, mikondo hujumlishwa.

Jaribio la kufanya na kikundi

Tafuta betri mbili za tochi za volti 1.5, vipande vya waya, na balbu mbili ndogo za tochi za aina ya zamani, zenye uzi mwembamba ndani ya kioo. Balbu ziwe za aina moja.

1 Unganisha betri zikifuatana, kisha washa balbu moja. Angalia mwanga wake.
2 Ongeza balbu ya pili kwa mfululizo. Zote mbili zitafifia. Legeza moja, na nyingine itazimika.
3 Sasa ziunganishe kwa sambamba. Zote zitang'aa kama ile moja ya mwanzo. Legeza moja, na nyingine itaendelea kuwaka.

Waulize wanakikundi: katika hatua ya tatu, mwanga wa ziada umetoka wapi? Jibu ni kwamba betri zinatoa mkondo mara mbili, kwa hiyo zitakwisha haraka zaidi. Usifanye jaribio hili kamwe kwa umeme wa ukutani. Volti 230 zinaua.

Mfano: betri mbili za zahanati

Tuseme zahanati ina betri mbili mpya zinazofanana, kila moja ikiwa ya volti 12 na ampea-saa 100. Zikiunganishwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, tunapata volti 24 na ampea-saa 100. Zikiunganishwa kwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, tunapata volti 12 na ampea-saa 200. Umeme uliohifadhiwa ni uleule, lakini vifaa vinavyofaa si vilevile. Taa zilizotengenezwa kwa volti 12 zinaweza kuungua papo hapo zikipewa volti 24.

Tuseme zimeunganishwa kwa sambamba, na zahanati ina taa nane za wati 6. Jumla ni wati 48. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampea: 48 kwa 12 ni ampea 4. Betri za asidi hudumu zaidi zisipomalizwa, kwa hiyo tutumie nusu tu ya akiba, yaani ampea-saa 100. Kwa ampea 4, taa hizo zinaweza kuwaka kwa saa 25. Hizo ni usiku mbili, hata kama siku ya katikati ina mawingu.

Sasa kamati inaamua kuchaji simu ili kupata fedha kidogo. Simu 10, kila moja ikivuta wati 5 hivi, ni wati 50, yaani zaidi kidogo ya ampea 4. Kwa kuwa ziko sambamba na taa, mikondo inajumlishwa na kupita ampea 8. Vyote vikiwa vimewashwa pamoja, saa 25 zimekuwa kama 12. Simu hazikuharibu kitu chochote, lakini zimekula mwanga wa usiku wa pili. Huenda uamuzi huo bado ni mzuri, kwa mfano simu zikichajiwa mchana jua likiwa kali. Muhimu ni kwamba kamati ipige hesabu kwanza.

Na paneli je?

Paneli hufuata kanuni zilezile. Paneli ya wati 100 inaweza kutoa volti 18 na ampea 5.5 hivi jua likiwa kali. Mbili kwa mfululizo hutoa volti 36 na ampea 5.5. Mbili kwa sambamba hutoa volti 18 na ampea 11. Kabla ya kuchagua, soma maandishi ya kidhibiti chaji: kina kikomo cha volti na kikomo cha ampea, na vyote viwili ni lazima viheshimiwe. Kumbuka pia kwamba volti ya paneli isiyounganishwa na kitu huwa kubwa zaidi ya volti yake ya kazi. Katika mfululizo, kivuli cha mti juu ya paneli moja kinaweza kupunguza umeme wa paneli zote zinazofuatana nayo.

Kwa nini nyaya huungua?

Mkondo hupasha waya joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Hapo ndipo hatari ya sambamba ilipo: kila kifaa kinachoongezwa hufanya kazi vizuri, kwa hiyo hakuna anayeona tatizo, kumbe waya mkuu unazidi kubeba.

Kifaa cha wati 60 kwenye volti 230 huvuta karibu robo ya ampea. Kwenye volti 12, wati hizohizo zinahitaji ampea 5. Ndiyo maana mfumo wa sola wa volti 12 unahitaji waya mnene na mfupi, ingawa volti zake ni ndogo. Waya mwembamba ukitumika, sehemu ya umeme hupotea kama joto njiani na taa za mbali hufifia.

Wenye umeme wa gridi nao wako katika hatari hiyo. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwenye waya mmoja wa kuunganishia huvuta ampea 13, ambayo ndiyo fyuzi kubwa ya plagi za pini tatu bapa zinazotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Ukiongeza jiko la umeme, umepita kikomo. Fyuzi ikiungua, inakuambia kwamba mkondo umezidi. Kuweka msumari, waya au karatasi ya sigara mahali pake ni kumnyamazisha mlinzi huku mwizi yuko mlangoni.

Kabla ya kuunganisha

• Soma volti iliyoandikwa kwenye kila kifaa na uhakikishe inalingana na ya mfumo.
• Jumlisha wati zote, gawanya kwa volti, na uchague waya na fyuzi kwa ampea hizo.
• Weka fyuzi karibu na upande wa chanya wa betri.
• Usichanganye betri mpya na za zamani, wala za ukubwa tofauti. Iliyo dhaifu huidhoofisha yenye nguvu.
• Betri zikiwa sambamba, toa waya wa chanya kwenye betri ya kwanza na wa hasi kwenye ya mwisho, ili zote zifanye kazi sawa.
• Usiruhusu spana iguse chanya na hasi kwa pamoja. Volti 12 hazikurushi, lakini mkondo utakaopita unaweza kuyeyusha chuma na kukuunguza.
• Weka betri mahali penye hewa, mbali na moto. Wakati wa kuchajiwa zinaweza kutoa gesi inayolipuka.
• Kazi ya umeme wa ukutani mwachie fundi mwenye leseni.

Maswali ya kujadili

• Katika jengo letu la jumuiya, ni vifaa gani vimeongezwa tangu mfumo ulipofungwa? Nani alipiga hesabu?
• Je, tunajua betri zetu zimeunganishwa kwa mfululizo au kwa sambamba? Tunaweza kuchora saketi hiyo na kuibandika ukutani?
• Umeme ukiwa kidogo, ni taa ipi isiyopaswa kuzimika, na nani ana mamlaka ya kuzima vifaa vingine?