Siku Moja kwa Miraba Minne

Mayai ndiyo yaliyotufumbua macho. Kila asubuhi tuliyakuta yamepungua matatu au manne kwenye trei, na kwa kuwa hakuna aliyekiri, tulimtilia mashaka binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Hatukumwambia neno, ila tulianza kuyahesabu mbele yake. Ninyi akina mama mnaijua hesabu ya namna hiyo.

Kumbe mla mayai alikuwa mwanetu wa kidato cha tatu. Tulimkuta alfajiri moja, kifua wazi mbele ya kioo, akiyapasua kikombeni na kuyanywa mabichi. Anataka kuwa na mwili, alisema. Hilo halikututisha, kijana wa miaka kumi na sita kutaka kifua kipana si habari mpya. Kilichotunyima usingizi ni maneno tuliyoyasikia wiki iliyofuata, alipokuwa akizungumza na rafiki yake kwa simu. Yuko mtu, alimwambia, anayeuza sindano za kuumua misuli, na kwa wiki nane tu mtu haji kutambulikana.

Baba yake alitaka kumkemea yaishe. Sisi tulimkumbuka Miraba Minne.

Tulipokuwa watoto kule Keko, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapakuwa na mtu mtaani aliyetushinda mawazo kama yeye. Hilo si jina lake, ndilo tulilomwita watoto, na ameomba tutumie hilo hilo. Alikuwa kuli wa bandarini. Jioni alitoka kazini na kuingia uani, chini ya mwembe, ambako alikuwa na bomba la maji la chuma lililochomekwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, moja kila upande. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vyuma vyake. Kwenye mlango wa chumba alibandika picha ya Arnold Schwarzenegger iliyokatwa kwenye gazeti la kigeni. Sisi tulipanda juu ya ukuta kumtazama. Akimaliza, alinyoosha mikono yote miwili tukaning'inia, wawili kulia na wawili kushoto, naye akazunguka na sisi kama pia. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni, baba zetu walikuwa wamekonda, na mtu yule alionekana kama ametoka nchi nyingine.

Tulimtafuta kwa kuulizia wazee wa mtaa, tukaambiwa amehamia Mbagala na kwamba bado anafundisha vijana. Jumamosi moja tukaondoka na kijana wetu kwa daladala ya mapema.

Yule mzee aliyekuwa akifagia

Tulimpita. Mlangoni palikuwa na mzee mwenye mvi akifagia uwanja, goti moja limefungwa bandeji, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Tulimwamkia tukamwuliza mwenyeji yuko wapi. Akaegemea ufagio, akacheka. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukining'inia mkono wa kushoto?"

Tulijisikia aibu, na tuseme kweli, tulihuzunika pia. Mtu ukimweka moyoni tangu utotoni humwachii nafasi ya kuzeeka. Kijana wetu alimwambia shikamoo kwa sauti ya chini, akitutazama kama aliyedanganywa.

Vijana kumi na wawili walikuwa wamekwisha kufika. Vyuma vya siku hizi ni vya kununua, lakini bomba lile la zamani bado lipo, limelazwa kando ya ukuta. Tulidhani mwanetu atapewa nafasi ya kunyanyua. Hakuguswa na chuma saa nzima. Mzee alimfanyisha pushapu na kuchuchumaa kwa uzito wa mwili wake tu, na kila mara alipopinda mgongo alirudishwa mwanzo. Kijana alipolalamika kwamba hiyo ni michezo ya shule ya msingi, mzee alimjibu, "Bwana mdogo, chuma hakina haraka. Kitakungoja."

Tuliuliza swali ambalo mama wengi huuliza, kama vyuma havitamfanya mtoto adumae. Hapana, kijana wa umri huo anaweza kunyanyua bila madhara ikiwa yuko chini ya msimamizi, anaanza na uzito mdogo na anafuata mtindo sahihi. Kinachoweza kumkatisha urefu ni zile dawa, kwa kuwa hufunga mapema sehemu laini za mifupa zinazomrefusha. Misuli yenyewe haikui wakati wa kunyanyua, hukua wakati wa kupumzika. Ndiyo maana swali la kwanza alilomwuliza mwanetu lilikuwa juu ya usingizi. Saa ngapi unalala? Sita usiku. Unafanya nini mpaka sita? Kijana akatazama simu yake.

Habari ya mayai mabichi ilimchekesha. Yai lililopikwa mwili hulitumia vizuri zaidi kuliko bichi, na bichi linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Yeye alijenga kifua kile kwa maharage, karanga na dagaa. Dagaa wakavu, uzito kwa uzito, wana protini nyingi kuliko nyama mbichi, na hawahitaji kopo lenye picha ya mtu aliyevimba. Hapo tuliandika haraka, maana mambo ya bajeti hayo.

Baada ya chakula

Saa saba mkewe alituita. Ni mama mwembamba, mcheshi, kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Alikuwa amepika wali na kisamvu cha nazi. Jikoni tulimnong'oneza sababu ya kuja kwetu, tukataja zile sindano. Mkono wake ulisimama juu ya sufuria.

"Atamwambia mwenyewe," alisema. "Aliniahidi kwamba kila kijana atakayeuliza habari hizo, atamwambia mbele yangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulipomaliza kula, mzee alimweka mwanetu mbele yake. Mwaka 1983, alisema, baharia mmoja alimletea vidonge kutoka melini, na baadaye sindano. Kwa miezi mitatu mwili uliumuka kama andazi. Watu walimshangilia. Uso ulijaa chunusi, na hasira ikawa ya karibu, hata mwajiri wake akamwonya mara mbili kwa ugomvi. Mwaka uliofuata alioa.

Mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama yake mzazi alianza maneno. Mke alinyweshwa mizizi, alipelekwa kwa waganga ingawa hakutaka, na kanisani alisimamishwa mbele aombewe kama Hana, naye mumewe ameketi pale benchi la wanaume ameinamisha kichwa. Mwaka 1988 redio zilitangaza kwamba Ben Johnson, mkimbiaji wa Canada aliyeshinda mbio za mita 100 huko Seoul, amenyang'anywa medali ya dhahabu kwa kutumia dawa. Maelezo ya dawa ile yalifanana mno na aliyokuwa akidungwa. Mwaka 1989 akaenda hospitali peke yake, kwa siri, akapimwa. Mbegu hazikuonekana.

"Daktari aliniambia niache, nikaacha siku ile ile," alisema. "Lakini mke wangu sikumwambia. Niliogopa wataniona si mwanaume. Nikamwacha aendelee kunywa mizizi mwaka mzima na zaidi, na mimi najua."

Hakuna aliyesema kitu. Kijana wetu alikuwa akitazama meza.

Inafaa tueleze jinsi inavyotokea, maana wauzaji hawaelezi. Dawa hizi ni ndugu wa homoni ya kiume, ile iliyotengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, hudhani kazi imekwisha, ukaacha kuziamuru korodani. Nazo hulala na kusinyaa, na mbegu hupungua au kuisha kabisa. Wengi wakiacha hupona, kwa miezi au hata miaka, wengine hawaponi. Moyo na ini navyo vinaweza kudhurika, na mwanamume anaweza kuota matiti. Wala akina mama tusisahau kwamba katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu yake mume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mke. Ni mama wakwe wangapi wanaolijua hilo?

Mwanetu alijaribu kutetea. Mbona Arnold alitumia, na mpaka leo yuko? Ni kweli, alikiri mwenyewe kuzitumia, akatwaa taji la Mr. Olympia mara 7, na upasuaji wa moyo aliofanyiwa mwaka 1997 alieleza kuwa ulitokana na kasoro ya kuzaliwa. Mzee hakubishana. Alimwuliza tu kama anamfahamu Ronnie Coleman. Anamfahamu sana, picha yake iko kwenye simu. Coleman alitwaa taji hilo mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005, kwa kunyanyua mizigo ya kutisha. Tangu hapo amepasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, na kwa miaka mingi ametembelea magongo. "Huyo ni tajiri, ana madaktari," alisema mzee, akipapasa bega lake lililoshuka. "Mimi nina mafuta ya nazi na huyu mama anayenikanda."

Tuliporudi jikoni kuosha vyombo, tulimwuliza dada yetu aliwezaje kusamehe. Mumewe alimweleza mwaka 1991, alisema, akilia kama mtoto. Yeye hakulia. Alifunga nguo, akaenda kwao wiki tatu. Mchungaji alimfuata akamsomea maneno ya kusamehe, naye akamjibu kwamba ameyasikia, ila ayasome kwanza kwa yule mwingine. Mwisho alirudi kwa hiari yake, na mwaka 1992 wakapata binti, mmoja tu, ambaye sasa ni mwalimu.

"Kumsamehe yeye haikuwa ngumu sana," alisema, akisugua sufuria ile ile iliyokwisha kutakata. "Kilichonisumbua ni mama mkwe. Alifariki mwaka 1990. Nilimwuguza mimi, nikamwogesha mimi, na alikwenda kaburini akijua mimi ni tasa niliyemkosesha mjukuu. Yule hakuna tena wa kumwambia."

Hatukuwa na neno la kumpa. Tukapangusa sahani.

Jioni, kabla hatujaondoka, mzee alimruhusu kijana kuinua lile bomba la zamani lenye makopo ya zege. Aliliinua mara nne, miguu ikitetemeka, na wale vijana kumi na wawili wakampigia makofi. Akaambiwa arudi Jumamosi ijayo, na aje amelala saa nane.

Ndani ya daladala alikaa kimya mpaka Mtoni. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yule bibi hakujua kabisa?"

"Hakujua."

Akageukia dirisha.

Jumatatu asubuhi tulimwita yule binti jikoni tukamwomba radhi kwa habari ya mayai. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alijua tangu siku ya kwanza, alisema, maganda alikuwa akiyaokota yeye chini ya kitanda cha kaka, ila hakuulizwa.