Adabu na Hadhari Siku ya Kuchanja Mbwa

Mbwa wa vijiji vyetu hawakusanywi mahali pamoja ila siku Bwana Mifugo ajapo kuwachanja. Mara nyingi watoto ndio wanaotumwa kuwapeleka. Kwa hiyo yafaa sisi wanafunzi tujue namna ya kwenda na kurudi salama, bila kuwaudhi wenzetu.

Kwanza tujue sababu ya safari yenyewe. Kichaa cha mbwa huwa katika mate ya mnyama mgonjwa, nacho huingia mwilini kwa jeraha. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, alidungwa chanjo ya Louis Pasteur, akaokoka. Lakini hata leo, dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Habari njema ni kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi ukileta fujo kiwanjani, na jirani akaogopa akarudi nyumbani na mbwa wake, hasara si yake peke yake, bali ni ya kijiji kizima.

Siku chache kabla, mzoeze mbwa wako kufungwa kamba. Kamba iwe madhubuti, wala usiizungushe mkononi, kwa maana akivuta ghafula atakuangusha. Kila mbwa awe na mtu wake mwenye nguvu za kumzuia. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, na paka pia. Hao watiwe katika kikapu chenye kifuniko.

Njiani usipite katikati ya watu. Wako majirani ambao wakiguswa na mate ya mbwa hawana budi kujitoharisha kabla ya kusali. Wahenga walisema, "Mchezea mbwa huingia naye msikitini." Mbwa akichafua njia, chukua jembe ufukie.

Kiwanjani simama mbali kidogo na mbwa wengine, utafute kivuli, ungoje zamu yako. Usimshike mbwa wa mtu bila ruhusa, wala usimkazie macho. Ikiwa mbwa wako ni mkali, au ni jike mwenye kutaka dume, mwambie Bwana Mifugo mapema ili akuhudumie kando. Mbwa wawili wakipigana, usitie mkono kati yao, wamwagie maji. Ukisha kupata cheti, kitunze, maana kitahitajiwa mwaka ujao.

Na mtu akiumwa je? Hapo hapo jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona dalili. Mtoto asifiche kwa kuogopa kupigwa, na mzazi asimkaripie kwanza, amwoshe kwanza.

Twawaomba wazazi wasimtume mtoto mdogo peke yake na mbwa mkubwa. Na sisi wanafunzi tukumbuke kwamba mbwa hajui foleni wala heshima ya jirani. Anayepaswa kuyajua hayo ni yule aliyeshika kamba.