KWA NINI MTINDI HUGOMA KUGANDA?



Kila mama wa Magomeni aliyewahi kugandisha maziwa anajua kuwa siku nyingine yanagoma. Nyumbani hasara ni sufuria moja. Lakini katika kiwanda kama Tanga Fresh, kinachotumia maziwa ya wafugaji wadogo wa Tanga, maziwa ya watu wengi huchanganywa pamoja. Kosa la mmoja laweza kumwaga jasho la wote.

Mtindi ni kazi ya bakteria. Allah (s.w.) amewajaalia viumbe hawa wadogo kula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi ndiyo inayogandisha maziwa na kuzuia vijidudu vingi viharibifu. Kiwandani maziwa huchemshwa, hupozwa, kisha hutiwa kimea, yaani bakteria walioteuliwa. Kimea kikichelewa kufanya kazi, vijidudu vibaya hupata nafasi.

Mambo yanayokichelewesha ni haya:

1. Joto. Kimea cha yogati hupenda nyuzi joto 42 hivi. Maziwa yakiwa moto mno, bakteria hufa. Yakipoa mno, hulala.

2. Virusi. Mwaka 1935 Whitehead na Cox, watafiti wa New Zealand, walieleza kuwa viko virusi vinavyoua bakteria wa kimea. Kinga yake ni kuosha matangi barabara na kubadilisha aina za kimea kwa zamu.

3. Dawa za mifugo. Ng'ombe akitibiwa kwa penisilini, dawa hutoka katika maziwa yake, na kuchemsha hakuiondoi yote. Dawa hiyo haibagui: huua hata kimea.

Ndiyo maana fundi hupima joto na asidi mara kwa mara. Asidi isipopanda kwa wakati wake, hiyo ni dalili ya kwanza, naye hutafuta sababu mapema.

Lakini dawa ikishachanganyika tangini, fundi hana la kufanya. Viko vipimo vya kukagua maziwa yanapopokelewa, ila kinga ya mwanzo ni mfugaji mwenyewe: ayatenge maziwa mpaka zitimie siku alizoambiwa na daktari wa mifugo. Ni hasara kwake, tena kubwa kwa mwenye ng'ombe mmoja, wala hakuna amwonaye ila Mola wake. Tukumbuke Mtume (s.a.w.) alivyomkemea muuza chakula aliyeficha kilicholowa chini ya kikavu.

Basi tunapokunywa mtindi, tujue umetengenezwa kwa elimu na kwa uaminifu pia.

Wabillahi tawfiq.