Mgeni Mkubwa Katika Duka Dogo la Vitabu

Fikiri duka dogo la vitabu. Ni chumba kimoja tu, vitabu vimepangwa ukutani mpaka juu, na meza moja iko katikati. Sasa mwenye duka anapata habari kwamba jioni atakuja mtungaji ambaye jina lake linajulikana duniani kote, naye atasoma maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe. Watu mia mbili wanapiga hodi. Atawaweka wapi? Na wakiisha kwenda zao, je, watakuwa wameacha fedha, au wameacha matope sakafuni tu?

Jambo hilo lilitokea kweli huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Marekani, Bibi Sylvia Beach, binti wa mchungaji wa Kipresbiteri. Alilifungua mwezi wa Novemba, 1919, akaliita Shakespeare and Company. Mwaka 1921 akalihamishia njia iitwayo rue de l'Odéon, nyumba nambari 12. (Duka lenye jina hilo lililoko Paris leo ni jingine. Lilifunguliwa na Mmarekani mwingine mwaka 1951, nalo likapewa jina hilo mwaka 1964.)

Alikuwa akiuza vitabu vya Kiingereza, lakini zaidi akiviazimisha. Vitabu hivyo vilikuwa ghali mjini Paris, na vijana waliotaka kuwa watungaji hawakuwa na kitu. Basi mtu alilipa ada, akaweka amana kidogo, akachukua kitabu akasome. Mwishoni mwa mwaka 1921 akaingia kijana wa miaka 22 ambaye hata hiyo amana hakuwa nayo mfukoni. Bibi Beach akamwambia atalipa siku atakapopata, tena achukue vitabu vingi kadiri apendavyo. Kijana huyo ndiye Ernest Hemingway. Mimi ni karani wa parokia, na kabati la vitabu vya kuazima liko mikononi mwangu. Najua jinsi kitabu kinavyotoka kizima kikarudi hakina jalada. Nakiri kwamba mimi ningalimwambia kijana yule arudi kesho.

Mwaka 1922 Bibi Beach alitoa kitabu kiitwacho Ulysses, cha James Joyce wa Ireland, ambacho wapiga chapa wa Uingereza na Marekani walikiogopa kwa ajili ya maneno yake. Si kitabu cha kuwasomea watoto, lakini kilimpatia sifa nyingi. Fedha ni habari nyingine. Baada ya biashara ya dunia kuanguka mwaka 1929, Wamarekani wengi wa Paris walirudi kwao, na duka likabaki tupu. Ikafika siku Bibi Beach akamwambia mtungaji wa Kifaransa, Bwana André Gide, kwamba huenda akafunga mlango. Gide hakutaka hata kusikia. Yeye na wenzake wakaiomba serikali isaidie, lakini duka lilikuwa la mgeni, msaada haukupatikana.

Ndipo wakaunda chama cha Marafiki wa Shakespeare and Company. Kila mwanachama alitoa faranga 200 kwa mwaka, kwa muda wa miaka miwili, naye akapata haki ya kuja dukani kuwasikiliza watungaji wakisoma kazi zao, hata nyingine ambazo zilikuwa hazijapigwa chapa. Na sasa tazama akili yao: wanachama wasizidi 200, kwa sababu hao ndio wa mwisho wanaoweza kubanana ndani ya duka lile.

Hesabu hiyo naipenda sana. Sisi tukisikia mgeni mkubwa anakuja, twahesabu kwanza ukubwa wa jina lake, na mabenchi twayahesabu watu wakiisha simama nje. Wao walihesabu sakafu kwanza. Tena fedha ilikuwa mkononi kabla mgeni hajafika: chama kikijaa, ni faranga 40,000 kwa mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, msikilizaji anunue kitabu asinunue.

Gide mwenyewe alikuwa wa kwanza kusoma, mwaka 1936. Paul Valéry akasoma, na wengine. Mwezi wa Juni mshairi T. S. Eliot akaja kutoka London. Magazeti yakaandika, na wateja wakaanza kurudi.

Halafu, tarehe 12 Mei, 1937, ikawa zamu ya Hemingway. Sasa alikuwa mtu mkubwa, tena ametoka Hispania kwenye vita. Lakini alikuwa na desturi ya kukataa kabisa kusoma mbele ya watu. Safari hii alikubali, ila kwa sharti moja: mshairi Mwingereza Stephen Spender asome pamoja naye. Ajabu, mtu asiyeogopa mizinga anataka mwenzi wa kusimama naye mbele ya viti mia mbili! Duka lilijaa.

Labda utaniuliza, kwa nini asiende kusoma katika ukumbi mkubwa? Ukumbi mkubwa haukumwazima vitabu alipokuwa hana kitu. Kadi nyingi za wasomaji wa duka lile zimehifadhiwa hata leo katika chuo kikuu cha Princeton, huko Marekani.

Mikutano ile ililiongezea duka miaka. Mwezi wa Desemba, 1941, Wajerumani walipokuwa wameitwaa Paris, afisa wao mmoja alitaka kununua kitabu cha Joyce kilichokuwa dirishani. Bibi Beach akasema ni nakala yake mwenyewe, haiuzwi. Afisa akatisha kwamba watakuja kutwaa mali yote. Rafiki zake wakaja mbio. Vitabu vikapandishwa ghorofani kwa vikapu vya nguo, mbao za kupangia vitabu zikang'olewa, na jina la mlangoni likafutwa kwa rangi. Muda wa saa mbili haukupita, hapakuwa tena na duka la kutwaliwa.